Kifaru Wangu Anajulikana Kabla Hajatoka

Mpendwa Shangazi mshauri, naomba unisaidie kabla sijakosana na ukoo mzima wa mke wangu. Mimi ni kinyozi, na jioni huwa tunacheza zile kadi za wanyama za kukusanya na kubadilishana, mimi na mke wangu ambaye ni fundi cherehani, na mdogo wake wa kiume, tunayenyoa naye saluni moja, hukaa nyuma yangu akitazama, sasa majuzi nikabahatika kupata Kifaru wa Radi, kadi ambayo mtaani kwetu hakuna mwingine aliye nayo, ikishuka mezani inafagia wanyama wote wa mwenzako na hakuna mnyama wa kuiua, nikafurahi mno nikainunulia kifuko kipya cha plastiki kinachong'aa, zile nyingine nikaziacha kwenye vifuko vyao vya zamani maana hazina hadhi hiyo.

Shangazi, tangu hapo sijashinda. Nikiishika tu, mke wangu anaanza kutunza kadi ya Mtego, ambayo hata watoto huitupa, tena ananiuliza, "Mume wangu, Kifaru kaamka?" Nikimshusha, ananaswa, na udhaifu wake ni kwamba ukimshusha lazima utupe kadi zote zilizobaki mkononi, kwa hiyo nabaki nimekodoa macho. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako, huyu shemeji anamkonyeza dada yake. Nikamwita msaliti. Akahamishia kiti chake ukuta wa pili, sasa tunanyoa tumepeana migongo na wateja wanauliza nani amefiwa. Na jioni haji tena, lakini bado nafungwa, labda wanapigiana simu. Nimfukuze saluni, au niiuze kadi?

Kinyozi Mwenye Kifaru

Pole, Kinyozi, ila nimecheka mpaka chai ikanipalia. Kikulacho kweli ki nguoni, na nguo yenyewe ni hicho kifuko. Umemvalisha Kifaru suti mpya katikati ya wenzake waliovaa matambara, halafu unashangaa anatambulika kwa mgongo ungali umemshika mkononi? Tena mbele ya fundi cherehani, anayeshinda akitenganisha kitambaa kipya na cha zamani.

Kadi yako ni kali, usiiuze. Lakini ukali wake uko kwenye kushtukiza. Ikijulikana inakuja, ni mzigo. Irudishe kwenye kifuko kikuukuu kama wenzake. Tanguliza wanyama wadogo mpaka kadi za mkononi zikaribie kuisha, ndipo umshushe Kifaru, usiwe na cha kutupa. Na mkeo mwache acheke, mchezo anaujua.

Shemeji sasa. Hapo umekosea vibaya, na umemkosea mtu aliyekaa nyuma yako kwa mapenzi tu. Kesho kabla wateja hawajaingia, wewe mwenyewe kirudishe kiti chake mahali pake, mwambie, "Shemeji, nilikuonea, nisamehe." Kisha kaa kwenye kiti hicho umpe wembe akunyoe. Ukitulia wembe ukipita shingoni, ataamini kwamba humwoni kuwa msaliti tena.

Akikuacha kipara, lipa kama mteja mwingine na umshukuru.