Uso Uliokwanguliwa

Mume wangu mdogo Rajabu,

Salamu nyingi kutoka Durban. Mimi mzima, ila tangu tumzike babu yako situlii. Nafungua dirisha, nalifunga, nalifungua tena, mpaka shangazi yako anasema nitang'oa bawaba.

Umeniuliza kama uache kuchora, kwa kuwa kila picha ukiimaliza unaichukia.

Nilipokuwa msichana kule Lushoto, nilimfulia nguo mama mmoja wa Kimarekani, mchoraji. Alinikalisha barazani nikichambua maharage, akanichora. Jioni alichukua kisu akaukwangua uso wangu wote pale kwenye picha, rangi ikabaki kama ukungu. Kesho yake vilevile.

"Mama, umenifuta tena! Nina ubaya gani?"

Akacheka. "Huna ubaya, binti. Nimechora ninavyokujua, si ninavyokuona. Kesho nataka nikutazame."

Hakuwa na raha mama yule. Alizunguka baraza mpaka chai ikapoa. Lakini kila asubuhi alirudi na rangi, na juu ya ule ukungu nikaanza kuonekana.

Kuacha au kutoacha utaamua mwenyewe. Mimi hapa nikifumba macho, uso wa babu yako unanipotea, nabaki na masharubu tu. Kila asubuhi nauanza upya akilini, nikianzia masikio. Masikio yake unayo wewe. Basi jitazame kwenye kioo, mume wangu, unichoree uso wake. Ukiukwangua na kuanza tena, mimi nitangoja.

Mkeo mzee,
Bibi Mwanaidi