Hilary Sugden na Miaka Mitano ya Majirani Wapole

Mwaka umeshatimia, Hilary, tangu asubuhi ile ya Februari ulipotuacha, na hapa Todmorden ukungu bado unashuka milimani na kukaa juu ya mfereji kana kwamba hauna haraka ya kwenda popote. Tunakuandikia hapa gazetini sisi wa nyumbani, wadogo zako. Mwingine atakayesoma na asome, wewe hukuwa mtu wa siri.

Wengi wanakukumbuka pale maktabani, ukiwawekea wazee riwaya zao chini ya kaunta zisichukuliwe na wengine. Sisi tunakukumbuka mwaka wa 1979, na gitaa la besi lililokuzidi ukubwa, ukiimba huku umeupa ukumbi mgongo kwa haya.

Bendi mliiita Majirani Wapole, jina lililowaudhi majirani wote. Mlikuwa watatu: wewe, Trevor wa gitaa, aliyekuja kukuoa, na kaka yetu Neville kwenye ngoma. Neville alikuwa amepoteza vidole viwili kwenye mashine ya kiwanda cha pamba, kwa hiyo alipiga polepole, akiacha nafasi kati ya pigo na pigo.

Santuri ya kwanza mliitoa wenyewe. Majalada tuliyabandika jikoni kwa gundi ya karatasi za ukutani, mama akinung'unika kwamba hata chai ina ladha ya gundi. Trevor, kichwa maji yule, akachapisha kasi ya mzunguko isiyo sahihi kwenye karatasi ya katikati ya santuri. Mtangazaji wa redio akaamini alichosoma. Wimbo ukatoka ukijikokota, sauti yako nzito kama ya mtu anayeongea usingizini, na sisi tumekaa mezani hakuna anayethubutu kumtazama mwenzake. Ulitaka kulia. Wiki haikwisha barua zikaanza kumiminika, watu wanautaka wimbo ule ule, kwa mwendo ule ule. Ikabidi mjifunze upya kuupiga. Neville peke yake hakuwa na la kujifunza.

Basi mkazunguka nchi kwa gari la mkate alilowaazima mjomba. Kule Sheffield, Neville alipopiga pigo la kwanza, unga ulipaa kutoka kwenye ngoma ukawafunika wote watatu, na watu wakadhani ni ufundi wa jukwaani. Ulituambia uliimba umefumba macho na ulijiona unaelea.

Mwaka wa 1982 akaja bwana mmoja wa kampuni kubwa ya santuri ya London. Aliwataka wewe na Trevor tu. Mahali pa Neville ingewekwa mashine ya kupiga ngoma. Neville alikuwepo mezani, akayasikia yote, akakwambia utie sahihi.

"Hiyo mashine nenda nayo," ukamwambia yule bwana. "Mimi nina kaka."

Akafunga mkoba wake akaondoka, na hakuja mwingine.

"Nani alikutuma unitetee?" Neville akakuuliza.

"Kunywa chai, Nev. Inapoa."

Baada ya miaka miwili bendi ikazimika bila kelele. Neville aligawa ngoma zake. Aliamini amewaponza, na hasira ya kujiona mzigo akaihamishia kwako. Akiulizwa habari za bendi alijibu kwamba yeye alikuwa mbeba vyombo tu. Ulikuwa ukimsikia, Hilary, na tuliona jinsi jibu lile lilivyokuuma, kila mara, kwa miaka arobaini.

Siku ya mwisho alikaa kando ya kitanda chako, akauliza alichokuwa hajawahi kuuliza.

"Hilary, ulijuta kumkatalia yule bwana wa London?"

"Nilijuta sana," ukasema. "Na wakirudi kesho nitawakatalia tena."

Akatoka nje kutafuta la kukujibu. Aliporudi ulikuwa umelala, na hukuamka tena. Mwaka mzima ametembea kando ya mfereji na jibu ambalo hakuwahi kukupa, na sisi hatukumharakisha.

Wiki iliyopita tulimsomea tangazo hili kabla ya kulipeleka gazetini. Chini tulikuwa tumeandika jina lake tu. Akaomba kalamu, akaongeza maneno matatu. Tumeyaacha kama alivyoyaandika.

Unakumbukwa na mumeo Trevor, binti yako Imogen, mkweo Rhys, mjukuu wako Tabitha, sisi wadogo zako, na Neville, mpiga ngoma wako.

Hututoki moyoni, leo wala milele.