Pilipili ya Kubana Pua

Jumatatu, 7 Januari
Nimetwanga pilipili ya sambusa ya kuuza tangu asubuhi. Macho yanawaka. Mawese, kitunguu saumu, maganda ya ndimu niliyoanika mwenyewe. Hapa Makindye sijaona mwingine anayetia maganda. Yule bwana anayenadi kwa spika sokoni amechukua katoni nzima ya chupa tena. Anasema ni za hoteli yake. Haya.
Kesho mume wangu, Baba Furaha, anarudi hospitali. Uvimbe kwenye ini bado mdogo. Daktari alisema wakiuwahi, wataukata.

Jumanne, 8 Januari
Amekataa nimsindikize. Amerudi mapema mno. Eti wamempa dawa ya kunywa kwanza, kisu baadaye. Sawa. Nimemshukuru Mungu.

Alhamisi, 14 Februari
Hali chakula. Tumbo linamchoma. Nikiuliza habari za hospitali ananigeuzia mgongo. Nachoka.

Jumamosi, 16 Machi
Nimekuta chupa chini ya godoro. Imeandikwa: KAPSAISINI YA PIRIPIRI. KINGA NA TIBA YA KANSA YA INI. KUNYWA UKIBANA PUA.
Nimemuuliza, amekiri: hakwenda hospitali. Hata mara moja tangu Januari! Aliogopa kisu, yule wa spika akamwambia wataalamu wamegundua dawa ndani ya pilipili.
Nimefungua niimwage. Harufu ya ndimu. Nimeonja.
Yesu wangu. Ni yangu! Pilipili yangu ya sambusa, imeenguliwa mafuta, imetiwa maji. Na mume wangu ameinywa miezi miwili amebana pua, asijue mkono wa mke wake.
Nimepiga kelele mtaa mzima wa Kisugu ukasikia. Mtu wa Bukavu wewe! Umekula pilipili tangu uote meno! Ingekuwa inatibu, ini lako si lingekuwa chuma?
Amelia. Hasira haikupungua.

Jumatatu, 18 Machi
Nimemnyang'anya yule mshenzi spika. Nimewaambia watu: hii ni ya sambusa, nimetwanga mimi, mnadanganywa. Wengine wamecheka. Yeye hakuona haya.
"Mama, utafiti upo. Na wewe si ndiye uliyeniuzia?"
Nimemrushia chupa. Imemkosa. Najuta kumkosa.

Jumanne, 19 Machi
Nimempeleka Baba Furaha hospitali mimi mwenyewe, nimemshika mkono kama mtoto. Daktari, dada mpole, amesema utafiti upo kweli. Wanajaribu hiyo kapsaisini, kitu kinachofanya pilipili iwashe, kwenye maabara, kwa panya. Bado si tiba ya mtu.
"Kumbe mimi nilikuwa panya," amesema Baba Furaha.
Wamempiga picha upya.

Ijumaa, 29 Machi
Uvimbe umekua. Haukatiki tena. Watampa dawa za kuuchelewesha, basi.
Namchukia yule bwana. Namchukia Baba Furaha kwa woga wake. Mchi siugusi.

Jumapili, 31 Machi
Mvua. Hatukwenda kanisani. Nimepika sombe ya majani ya muhogo na bugali. Ameomba pilipili. Nilitaka kumfokea, lakini daktari hakumkataza tone moja la kuamsha hamu. Ilibaki kidogo kwenye kopo la nyumbani, nimemtilia kwa ncha ya kijiko.
Ameinusa kwanza. Muda mrefu. Hakubana pua.
"Ndimu," amesema.
Nimemwongezea sombe.