Mshale Uliosema Robo Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Lorong Selasih, Singapuri. Tarehe 15 Machi 2019, saa 4.10 asubuhi.
Jina: Sarbini bin Tukiman. Umri: miaka 57. Kazi: fundi umeme wa magari. Makazi: Woodlands, Blok 418, ghorofa ya tisa.

Mimi ndiye mtajwa hapo juu. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Marehemu Hazirah binti Jamari, mwalimu wa shule ya msingi, miaka 26, ni mpwa wangu, mtoto pekee wa dada yangu Paridah. Karatasi waliyopewa wazazi wake inasema gari lilizimika barabarani kwa kuishiwa petroli, na kwamba huo ni uzembe wa dereva. Petroli iliisha kweli. Uzembe haukuwa wake.

Shemeji yangu Jamari anajaza petroli Johor, nchi jirani, tangu gari lake la kwanza. Ni nani hapa hajazi huko? Hata wewe afande, usinitazame hivyo. Ukivuka daraja bei inashuka karibu nusu. Ila Jamari alizidi. Pampu ikishakata yenyewe, anatushusha wote tulitikise gari ili hewa itoke na tangi limeze nusu lita nyingine. Dada yangu ana miaka hamsini na tatu, analitikisa gari mbele za watu na mkoba uko begani. Tulikuwa tunacheka sana pale, siwezi kukataa.

Tatizo lake lilikuwa sheria ya robo tatu. Gari la hapa Singapuri haliruhusiwi kutoka nchini kama tangi halijafika robo tatu, na ofisa wa mpakani anachungulia mshale wa mafuta dirishani. Sasa ukitoka na robo tatu, utaenda kujaza nini huko? Mnamo Agosti 2017 Jamari alinifuata gereji akaniambia, "Shemeji, wewe fundi gani? Mshale tu unakushinda?"

Hapo alinishika pabaya. Nilimwekea swichi ndogo chini ya dashibodi, upande wa kushoto, nyuma ya kifuniko cha fyuzi, waya mwekundu. Ukiibonyeza, mshale unapanda robo tatu na kuganda hapo. Ukiirudisha, unasema kweli. Sikumtoza hata senti, maana niliiona kazi nzuri.

Hazirah hakuambiwa. Siku moja tukiwa mezani alisema akija kusikia tunadanganya pale mpakani hatapanda tena gari lile, na mimi hatanisalimia. Baba yake alimwambia ale, wali unapoa. Na mimi niliinamia sahani yangu nikala.

Jumapili tarehe 10 Machi, saa 3 asubuhi, tuliondoka mimi, Jamari na Paridah kwenda kujaza. Tangi lilikuwa limebaki tone, kwa makusudi, ili nafasi iwe kubwa. Mimi nilikaa mbele, na swichi niliibonyeza mimi. Foleni haikusogea. Tulikaa saa mbili kiyoyozi kikinguruma, petroli ikiungua bure, mpaka dada yangu akaanza kuona kizunguzungu kwa presha. Tuligeuza kabla ya kufika kwa ofisa. Nyumbani nilimshika dada mkono kumpeleka kwenye lifti. Kazi ya kurudisha swichi ilikuwa yangu siku zote. Siku hiyo sikuirudisha.

Jumatatu tarehe 11 kulikuwa na mvua. Hazirah huenda shuleni kwa basi, lakini siku hiyo alikuwa na vikombe thelathini na viwili vya maharage yaliyochipua kwenye pamba, kazi za wanafunzi wake. Aliomba gari. Mama yake alimpa ufunguo akamuuliza kama mafuta yatatosha. Alishuka, akawasha, akapiga simu juu kumwambia mama yake yapo robo tatu, asihangaike. Hayo nimeyasikia kwa dada yangu mwenyewe, na bado anayarudia.

Saa 12.48 asubuhi nilikuwa kibandani karibu na gereji, nanywa chai na wateja wawili. Hazirah alinipigia.

"Mjomba, gari limezima katikati ya barabara kuu. Mafuta yapo, robo tatu. Nifanye nini?"

Afande, nilijua palepale. Hata sentensi yake haijaisha nilishajua. Ilitakiwa nimwambie, mwanangu, mshale huo ni mwongo, toka humo, ruka ukuta wa pembeni. Maneno machache tu. Lakini nililikumbuka lile la mezani, na wale wateja walikuwa wananisikiliza. Nikaona aibu. Nikajiambia labda kuna tone limebaki, litashika, limfikishe pembeni, na mambo yaishie hapo.

Nikamwambia, "Washa tena."

Nikasikia stata inazunguka. Nikamwambia awashe tena. Akawasha. Mara ya tatu akasema haishiki, na kwamba amewasha taa za hazadi. Baada ya hapo nilisikia honi ndefu, na simu ikakatika. Mazungumzo yetu yalikuwa dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Simu yangu hii hapa, angalieni. Dereva wa lori lililomgonga msimsumbue, kwenye mvua ile asingeweza kuliona.

Msibani watu walisema vijana wa siku hizi wanajua kuendesha tu, mafuta hawaangalii. Jamari alikuwa amekaa hapo hapo. Jana nilimwambia twende wote kituoni, akaniuliza, "Ukisema, atarudi?" Hatarudi. Lakini mtoto yule aliangalia mshale, na mjomba wake ndiye aliyeufundisha kusema uongo. Naomba karatasi ile ibadilishwe.

Nimesomewa niliyoyasema, sina la kupunguza.

(Sahihi) Sarbini bin Tukiman

Maandishi ya ofisa: Saa 8.20 mchana tulikagua gari katika yadi ya kituo, shahidi akiwepo. Swichi ilikutwa mahali alipotaja, ikiwa imebonyezwa. Betri ilipounganishwa, mshale ulipanda robo tatu. Shahidi aliomba airudishe swichi kwa mkono wake, akaruhusiwa. Mshale ulishuka hadi mwisho. Maneno "uzembe wa dereva" yamefutwa katika taarifa ya awali. Shahidi amewekwa chini ya ulinzi.

Sajenti Selvaraju s/o Muniandy