Jembe la Lazaro

Jumatatu, 9 Novemba 1953
Nimemaliza kusahihisha madaftari ya darasa la tatu. Sasa insha. Bibi Mkuu wa misheni ameniazima riwaya ya Kiingereza: niandike tofauti ya wanaume wawili wanaompenda mwanamke mmoja, na jinsi mwandishi anavyowachora. Mmoja ni mawe na tufani. Mwenzake majani mabichi na jua la asubuhi. Rahisi. Wote wawili nawaona hapa Igamba. Yoeli, mfuga ng'ombe anayetoka Kamsamba, hata akisalimu anapiga kelele. Tufani. Lazaro, karani wa kahawa, hajawahi kupaza sauti. Majani mabichi. Jembe lake la posa liko darini, jipya, ndani ya kaniki. Kwetu likigusa udongo, binti amekubali. Baba anataka jibu Jumanne ijayo. Naelekea kukubali.

Jumatano, 11 Novemba
Lazaro ameazima kitabu. Anataka kujua ninachosoma. Nimefurahi kama mtoto.
Yoeli alipita na ng'ombe. Nikamuuliza tufani ya kwao Rukwa ikoje. "Mwalimu, mvua ikija tunahamisha ndama. Hatuna nafasi ya kuitazama." Tufani gani hii!

Ijumaa, 13 Novemba
Kitabu kimerudi, kimefungwa vizuri kwenye gazeti. Kurasa zote za yule mwanamume wa tufani hazipo. Amezikata kwa wembe, karibu na mshono, uzi haukuguswa. Na barua, mwandiko safi kama wa cheti: kurasa hizo hazimfai mke wake. Tukioana nitaacha kufundisha. Ameshamwambia baba.
Kitabu chenyewe si changu! Hakupaza sauti. Wala hakuhitaji. Namchukia.

Jumamosi, 14 Novemba
Mvua ya kwanza usiku. Nimeamka na hasira ileile. Chai sikunywa. Nikanyakua jembe mlangoni, nikaenda nyuma ya nyumba, nikalima. Kila bonge la udongo Lazaro. Viganja vikatoka malengelenge, nikaendelea.
Mama akaja mbio, akashika mpini. Mpini mweupe, mpya. Ndipo nikaona. Usiku paa lilivuja darini, mama akalishusha jembe la posa, akaliegemeza pamoja na mengine ili aanike kaniki.
Nimejioza mwenyewe kwa hasira.

Jumapili, 15 Novemba
Sikwenda kanisani. Baba hajajua. Mama anasugua jembe kwa mchanga na majivu. Bapa linang'aa, lakini pale chuma kinapoingia kwenye mpini udongo mwekundu umeganda.
Nimeandika insha. Nimeandika kwamba tufani unaisikia ikija, majani mabichi unayaingia bila kujua kilichojificha ndani. Nimewakasirikia wote. Lazaro, baba aliyejua asiniambie, na mimi niliyedhani mtu anasomeka kama ukurasa. Mimi zaidi.

Jumanne, 17 Novemba
Asubuhi nilimpelekea Bibi Mkuu insha, na kitabu kilivyo. Nikamwambia ukweli. Akafunga jalada polepole.
Mchana akaja shangazi yake Lazaro, mshenga wao, kuchukua jibu. Nikasema sitaki. Baba aliinamisha kichwa. Mama akaleta jembe ndani ya kaniki yake. Shangazi akafungua kaniki, akapitisha kidole pale kwenye mpini. Kikatoka chekundu. Akatazama viganja vyangu, muda mrefu.
Akafuta kidole kwenye khanga yake. "Halijalima," akamwambia baba.
Akalifunga tena, akajitwika, akaondoka kabla mvua haijarudi.