Mwanangu ameitangaza namba yangu ya siri barazani

Jumamosi. Joto la kutoka jasho hata ukiwa umekaa tu.

Sasa hivi Nasra, mwanangu wa miaka mitatu, kaweka kandambili sikioni, anacheza wakala wa benki. "Namba ya siri, mama?" akauliza. Akajijibu mwenyewe, kwa sauti ya kuuzia samaki: tarakimu nne za benki yangu, kwa mpangilio wake, mbele ya wanawake waliokuwa wakisubiri bagia zangu.

Jirani yangu Mama Saumu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Nasra, huyu mtoto ni benki inayotembea! Mnyime pipi uone, umekwisha!"

Nikacheka nao. Moyoni nawaka.

Maana kaijulia wapi? Kwangu. Tukienda kwa wakala mtoto nimembeba, kapu mkononi, basi nampa wakala simu na kumtajia namba palepale dirishani, foleni nzima ikisikia. Hapa mtaani Makorora nani asiyefanya hivyo? Mama mkwe anaijua. Wifi anaijua. Na humo ndimo ninamoweka hela ya kununulia cherehani.

Nikaacha karai jikoni, nikasema kwa sauti naibadilisha leo leo, nikashika simu. Heh! Benki inataka kwanza niweke maswali ya usalama. Jina la mama yako mzazi? Jamani, mtaa mzima unamwita kwa jina hilo. Shule ya msingi uliyosoma? Nusu ya majirani tulikaa dawati moja! Waliotunga maswali haya wanaishi wapi, ambako watu hawajuani?

Nimeweka majibu ya uongo. Mungu anisamehe.

Sijasoma sana, lakini hili nimeliona mwenyewe: jibu la kweli kila mtu analo. Na namba mpya si mwaka aliozaliwa Nasra, maana waliokula pilau ya arobaini yake wote wanaukumbuka.

Hata wewe shajara sikutajii.

Kuanzia leo nabonyeza mwenyewe, mtoto alie, foleni inune. Inshallah Nasra ataanza shule na sare niliyomshonea mimi.

Mama mkwe huyo anaita uani: "Mama Nasra! Umeme umeisha! Lete simu ninunue, na hiyo namba mpya unitajie kwa sauti, masikio yangu haya mazito!"

Abee mama, nakuja! Simu naileta, ila namba nitamwambia kwa adabu kabisa kwamba naibonyeza mwenyewe.