Kwa Nini Sikumwekea Mutisya Mkono

Kinanie, Machakos

Dada yangu Mkamburi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote mnaolala chini ya paa hilo la Mwatate. Mgongo wako unaendeleaje siku hizi? Na mvua, ilifika au ilipita tu juu ya vilima kama mwaka jana? Mimi ninaamka, ninakula, ninatembea. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe ukipokea simu unaiweka kwa spika, na haya si ya nyumba nzima. Jirani yangu anakuja Voi kwa matanga ya shangazi yake, nitampa barua hii mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Uliniuliza kama bado ninaenda kanisani, nami nikakuuliza habari za mbuzi. Leo nitakujibu.

Unajua kazi yetu hapa ni kutoa mawe ya kujengea. Nilianza kwa nyundo na tindo kama wengine, baadaye nikafundishwa ile mashine ya msumeno inayopita juu ya mwamba kwa reli. Mtu wa mashine ana kazi kila siku. Wengine huitwa malori yakija mengi. Yakija machache wanarudi nyumbani na nyundo zao. Ubaya wa mashine ni vumbi. Tunafunga vitambaa mdomoni, lakini jioni ukipenga kamasi inatoka nyeupe kama uji wa mtoto.

Kanisa letu ni la mabati, karibu na barabara ya malori. Mchungaji ana utaratibu mmoja ambao niliupenda tangu nilipofika hapa nikiwa simjui mtu. Kila muumini anapewa mwenzi wa maombi, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke. Ijumaa baada ya kazi mnakaa wawili, mnasoma Neno, mnaambiana mizigo yenu na kuombeana. Sharti ni moja: yanayosemwa hapo yanabaki hapo. Mimi nilipewa Mutisya.

Mutisya ni mtu wa Masinga, amenizidi umri kidogo, alikuwa mchonga mawe wa mkono. Ndiye aliyenitafutia chumba. Ndiye aliyewaambia watu wa hapa wasinicheke ninavyotamka salamu za Kikamba. Tulikuwa tunakaa nyuma ya rundo la mawe yaliyopasuka vibaya, yeye na Biblia yake ya Kikamba, mimi na yangu ya Kiswahili. Anasoma mstari, nami nausoma uleule, halafu tunazungumza. Dada, sijawahi kuwa na rafiki kama yule, hata kule nyumbani.

Wakati wa baridi nilianza kukohoa damu. Si nyingi, lakini ni damu. Sikukuambia wewe. Sikumwambia msimamizi wa machimbo, maana hapa mtu akijulikana ni mgonjwa anaondolewa kabla hajauliza kwa nini. Nilimwambia Mutisya siku ya Ijumaa, nikamwambia pia kwamba ninaogopa kupoteza mashine kuliko ninavyoogopa damu yenyewe. Akaniwekea mkono kifuani akaomba mpaka machozi yakamtoka.

Sasa, kila asubuhi kabla mashine hazijawashwa, sisi wote husimama na kuomba, kwa sababu kazi hii inaua watu. Msimamizi naye huvua kofia. Jumatatu iliyofuata, Mutisya ndiye aliyeombwa kuongoza. Akaombea malori, akaombea mvua isijaze shimo, akawaombea wenye kampuni. Halafu nikasikia, "Na ndugu yetu Mwadime, Baba. Unaiona ile damu anayokohoa. Unajua anavyoificha. Mguse kifua, Bwana, usimwache afie kwenye mashine."

Watu wakasema amina. Nilifungua macho, nikakuta ya msimamizi yamefunguliwa pia, ananitazama.

Hakunigombeza. Aliniita kando akasema, "Damu na hujaniambia? Unataka nionekane muuaji? Nenda hospitali kwanza, halafu tutaona." Nilikwenda. Waliniambia si kifua kikuu, ni vumbi, nijiepushe nalo. Niliporudi, Mutisya alikuwa juu ya mashine, amefunga kitambaa changu mdomoni. Msimamizi akaniambia nitaitwa malori yakiwa mengi.

Hata hapo nilijitahidi kumtetea moyoni. Nilisema ni mapenzi, alinihofia. Lakini kuna mama anayetupikia muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, pale getini, Mama Ndinda, mshirika wetu wa kanisa. Aliniwekea chakula akaniita kama Wakamba wanavyomwita rafiki, "Kula, kasee. Na ukimaliza uache kumsikitikia Mutisya."

"Kwani amefanya nini?"

"Jumamosi alikuwa hapa na msimamizi. Nilikuwa napakua. Anamwambia, yule wa Taita akitoka, mimi naijua hiyo mashine. Msimamizi akamuuliza, anatoka anaenda wapi? Akacheka tu. Akasema, wewe ngoja."

Jumamosi, Dada. Ijumaa alilia na mimi, Jumatatu akaniombea mbele ya watu, na katikati kulikuwa na hiyo Jumamosi.

Nilimfuata nyuma ya lile rundo la mawe. Nikamwambia, "Mutisya, yale nilikuambia wewe."

"Na mimi nilimwambia Mungu. Kuna ubaya gani?"

"Mungu alikuwa ameshasikia Ijumaa. Tulimwambia pamoja."

"Mtu akikuombea unakasirika? Kasee, unataka kufa ndiyo ufurahi?"

"Na msimamizi ulimwambia nini Jumamosi?"

Akaanza kukung'uta vumbi kwenye suruali. Akasema nimeanza kusikiliza maneno ya wanawake wa sufuria, akaondoka. Tangu siku hiyo vijana wa kupakia mawe wakiniona huniuliza, "Mwadime, leo tukuombee nini? Magoti?" Wanacheka, nami hucheka nao, maana nikinuna watazidi.

Ningeliacha lipite kama si kanisa. Mutisya alikuwa amechaguliwa kuwa shemasi. Kwetu mtu akitawazwa, wa kwanza kumwekea mkono ni mwenzi wake wa maombi, naye husema mbele ya wote kwamba anamshuhudia ni mtu mwaminifu. Hapo ndipo mchungaji naye huweka mkono. Bila mwenzi hakuna ushuhuda.

Mchungaji alikuja chumbani kwangu, akaketi kwenye ndoo. Akanikumbusha Petro alipomuuliza Bwana ni mara ngapi amsamehe ndugu yake. Nikamwambia naisoma hiyo. "Lakini nasoma pia habari za mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka ndugu yake ana neno naye. Aliambiwa aiache pale, aende wapatane kwanza. Mbona Mutisya hajaja?"

"Atakuja," akasema. "Nimemwambia."

Ijumaa nilikwenda nyuma ya rundo la mawe na Biblia yangu. Nilitaka sana aje, Dada. Nisikudanganye, kama angekuja akasema nimekosa, au hata akakaa tu akafungua Biblia yake, ningemwachia mashine na ushemasi na kila kitu. Nilisoma peke yangu mpaka herufi zikapotea kwa giza, nikarudi.

Jumapili aliitwa mbele. Akapiga magoti akiwa na koti jipya. Mchungaji akaniita jina. Nilipofika nikasema hivi, polepole: "Mimi ni mwenzi wa Mutisya. Nilimwambia siri ya mwili wangu, akaitumia kupata kazi yangu. Sitaki arudishe kazi. Aseme tu kwamba ni kweli, na mkono wangu huu hapa."

Nikamtazama Mama Ndinda, kwenye kiti cha wanawake wazee. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Mutisya hakuinua uso. Alifumba macho akaanza kuomba kwa sauti kubwa, kumshukuru Mungu kwa majaribu, kumwomba awasamehe wanaomsingizia. Mtu mmoja akasema amina, wakafuata wengine, halafu kwaya ikaanza wimbo bila kuambiwa. Mchungaji akanisogeza kwa kiwiko, taratibu kabisa kama mtu anayepita mlangoni, akaweka mkono wake mwenyewe.

Ndivyo alivyokuwa shemasi. Mimi nilitoka kwa mlango wa kando. Hakuna aliyekuja kuniuliza, mpaka leo.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, siendi. Mungu sijamwacha. Ninasoma kila asubuhi, ninapiga magoti kando ya kitanda. Lakini siku hizi ninaomba bila kutoa sauti, hata nikiwa peke yangu, na nikisikia jirani akikohoa ukutani ninanyamaza kabisa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mashine. Kwa kazi usihofu sana, kuna mtu amenitajia kazi ya kulinda vifaa kule Konza, mahali hakuna mawe ya kukata. Kifua kimepungua kidogo.

Msalimie shemeji na mguu wake. Msalimie Mama Mdogo anayeuza ndizi stendi, na mjomba fundi viatu, umwambie viatu alivyonishonea bado vinanibeba. Mwambie mwanao wa kwanza ashike cherehani, asije akadanganywa na mtu kuhusu kazi za huku.

Na wewe Dada, nakujua. Ukishamaliza kusoma utataka kunipeleka kwa kina mama wa maombi ya Jumatano, wasimame kwenye duara walitaje jina langu. Nakuomba usifanye hivyo. Wakiuliza, sema hajambo. Niombee wewe, jikoni, ukisonga ugali, na midomo yako isiseme kitu.

Ni mimi ndugu yako uliyenibeba mgongoni,
Mwadime